Swali la Nne

Kalunde karudi na daftari, kidato cha kwanza,
soksi zimekula vumbi la Cheyo.
Swali la nne: tofautisha "masta" na "bosi".
Mwalimu kawaachia mstari mmoja na nusu.

Mstari mmoja na nusu!
Mimi niliyezaliwa kota za reli,
mlango wa pili kutoka bombani,
nimeishi na maneno hayo kama na wajomba wawili
wasioamkiana.

Masta alikuwa Bihemo, Muha wa Kasulu,
stesheni masta, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni.
Hakuwa mpole, nisikudanganye.
Alimkata baba mshahara wa siku tatu
kwa kusinzia dakika nne,
tukala mlenda hadi tukauota.
Lakini reli aliijua.
Aliinama, akaweka kiganja juu ya chuma,
akasema, "Ya Kigoma imeshapita Mabama,"
na kweli, maharage hayajaiva, honi hiyo.

Usiku mmoja wa masika taa zilizimika zote,
mkono wa kugeuzia njia ukagoma,
na ya Mwanza inakuja,
inakuja kwenye njia yenye behewa za watu waliolala.
Baba anasema alisikia pumzi ya mtu ubavuni:
Bihemo, bila viatu, suruali imekunjwa magotini,
kaulalia ule mkono wa chuma pamoja naye,
vifua viwili, matusi ya Kiha na ya Kinyamwezi.
Uligeuka.
Asubuhi masta hakusema neno.
Zile siku tatu pia hakuzirudisha.

Bosi alikuja mchana, na gari, tena mwungwana sana.
Aliwanunulia soda watoto wote wa kota;
mimi nilichagua nyeusi, nikainywa kwa kuihesabu.
Alimwita baba "mzee wangu", akampa kiti,
akafungua orodha.
Jina letu, Msabila, alilisoma Msafiri.
Baba hakumsahihisha.
Akatia sahihi palepale, na kweli,
mwezi uliofuata tulifunga magodoro.

Basi ningemjibu mtoto upesi:
masta anaijua kazi,
bosi anajua majina ya wanaoachishwa kazi,
nayo kwa makosa.
Ingetosha, na nafasi ingebaki.

Ila nilifungua kamusi.
Kamusi haina haya.
Masta, ikasema: mmiliki. Mwenye watumwa.
Unaniambia hayo hapa, Tabora,
misafara ilipokuwa ikitua mizigo na watu
kabla reli haijalala juu ya nyayo zao?
Bibi yake baba alikuwa na kovu kifundoni, limezunguka kama bangili.
Baba alimwosha miguu utotoni,
akaambiwa: osha, usiulize.
Na neno lilelile akalitamka miaka ishirini,
mikono nyuma, kofia kwapani:
Ndiyo, masta.

Nikatoka uani. Alikuwa anachambua karanga.
"Baba, kumbe Bihemo ulimwita nani?"
Akapuliza maganda.
"Bihemo? Namdai siku tatu."

Nje ya ua bodaboda akamwita mpita njia,
"Bosi, twende!"
Yule akageuza mifuko yake nje, mitupu:
"Leo sina kitu, masta."
Wakacheka wote wawili, hakuna aliyempanda mwenzake kichwani,
pikipiki ikaondoka na siti tupu.

Kalunde hakuningoja. Alikuwa ameshaandika,
kwa mwandiko wake wa kuegemea kushoto:
Wote wawili ni watu ambao babu huwaamkia kwanza,
hata wakiwa wadogo kwake.

Daftari lilirudi Ijumaa.
Wino mwekundu, mkato mmoja:
Hujajibu swali.