Namba Arobaini na Moja

Juu ya Kiwira, ambako mvua haina ratiba
na blanketi likifuliwa Machi huvaliwa bichi Aprili,
nyuma ya kitalu cha zamani kuna mti
wenye kibati shingoni: 41.
Chini ya namba palikuwa na jina.
Kutu imelila, herufi kwa herufi, bila haraka.

Mbegu zililetwa na bahasha, alisema baba,
kutoka misitu ya mvua ya ng'ambo, mbali huko Asia.
Kumi na mbili zilifukiwa. Tisa zikaoza,
mbili fuko akazifanyia karamu.
Huu ukakaidi.

Baba yangu, Ambakisye Mwakalobo, kibarua wa kitalu,
penseli nyuma ya sikio, daftari la mvua kwapani,
aliupima kila Januari kwa kamba ya katani:
*Unene umeongezeka vidole viwili. Haujachanua.*
*Unene umeongezeka vidole viwili. Haujachanua.*
Mwaka wa kumi na tisa mwandiko ukapinda kidogo:
*Umechanua! Nyuki wamefika kabla yangu.*

Matunda yake, sijui niseme nini,
watoto wa kalunguyeye waliojikunja usingizini.
Tuliyakanyaga kwa kandambili, tukayapasua kwa jiwe,
na ndani punje ya kahawia iling'aa
kama kiatu cha mwalimu siku ya ukaguzi.
Mama alizifukia kwenye majivu ya moto.
Zikapasuka, pa! Paka akahama jikoni wiki nzima.
Ladha ya kiazi, lakini kiazi kilichopelekwa shule.

Bibi Tusekile aliuliza, "Una ndugu huku?"
"Hauna, mama. Wa karibu wako ng'ambo ya bahari."
Tangu siku hiyo, akipita na kuni, aliusalimu kwanza:
*Ugonile.*
Mgeni, alisema, hasubiri kusalimiwa na msitu.

Baba alistaafu. Mbeya mjini, dirisha la tatu,
kompyuta ilimjua Mwakalebo, haikumjua Mwakalobo.
"Jina hili halipo, mzee. Rudi Jumatatu."
Jumatatu ngapi? Nauli iliuza mbuzi wawili,
kisha ndizi zikiwa bado mkunguni.
Tulimzika ukungu ukiwa umekaa mlangoni
kama mtu anayedai.

Mwaka huu wamekuja watu wa parachichi.
Mikaratusi ikapigwa rangi nyekundu, misindano pia,
miwati haikuulizwa.
Kijana wa ofisi, Gwakisa, kishikwambi kwenye mfuko wa nailoni,
akauzunguka arobaini na moja mara mbili.
Kibali cha kukata hakitoki bila aina ya mti.
Akapapasa orodha juu, akapapasa chini.
"Mama, huu unaitwaje?"

Daftari liko kwangu, chini ya godoro.
Ukurasa wa mwisho, penseli iliyolowekwa mate:
maneno mawili ya Kilatini
ambayo baba aliyanakili kabla kutu haijafika.
Nayajua kama nijuavyo Baba Yetu.

"Sijui," nikasema.

Mvua ikashuka palepale, ile ya kwetu, isiyobisha hodi.
Gwakisa akajibanza shinani, akifuta kioo kwa shati,
majani yakigeuka juu yake, tumbo la dhahabu, mgongo wa kijani.
"Basi tutauruka," akasema,
"mpaka watakapoongeza kisanduku."

Januari nilitoa kamba ya katani.
Mwandiko wangu si mzuri kama wake:
*Unene umeongezeka kidole kimoja na nusu.*
*Haujatajwa.*