Bawaba

Saa kumi na moja alfajiri kiwanda cha Boiro
kimeshawasha mvuke. Kome wanaingia wamejifumba,
wanatoka wameachama.
Kazi yangu ni ya kidole gumba: ingiza, kwangua, tupa gamba.
Mimba ina miezi minane
na meza ya chuma hunigusa tumbo kabla sijaifikia.

Redio iliharibika zamani. Redio yetu ni Dosinda.
"Mimi," anasema bila kuinua macho,
"Breixo wangu alinichana mpaka nyuma.
Wakanishona kama gunia la viazi.
Mwezi mzima nakalia tako moja."
Wanacheka. Nacheka nao.
Kicheko changu kinafika shingoni, kinarudi.

Hermitas hakubali kupitwa.
Dada wa shemeji yake, kule Noia,
alisikia mlio, ko! kama tawi kavu,
mifupa ya kinena ikaachana,
akatembelea magongo mpaka mtoto akaota meno.
"Ko!" anarudia, akivunja gamba kiganjani
ili tusikie vizuri.

Kila mmoja ananiletea yake,
imefunikwa, bado ya moto,
kama watu wanaopeleka chakula msibani,
na mimi sijafiwa.

Usiku Anxo amelala, mkono wake juu ya tumbo
mzito kama mkate wa shayiri.
Nimelala chali. Hapana, chali nimekatazwa.
Nimelala ubavu wa kushoto, natafuta kwa vidole
pale mfupa unapokutana na mwenziwe.
Kuna kibonde kidogo. Nakibonyeza.
Kome elfu nane kwa zamu, miaka sita,
na sijawahi kujiuliza kama bawaba huuma.

Kujifungua, wanasema,
kana kwamba funguo zimo mfukoni mwangu.
Kome hajifungui.
Mvuke humfungua.

Nilimwuliza mkunga. Maswali nilikuwa nimeyaandika
nyuma ya risiti ya duka la dawa.
Iria hakunidanganya. "Hutokea," alisema,
"lakini kwa nadra. Miaka kumi na tisa nazalisha,
nimeiona mara moja,
na yule mama leo anabeba kuni ngazini."
Nikamshukuru. Nikashuka hadi kituo cha basi
nimeishika ile mara moja kama jiwe kiatuni.
Nilitaka aseme sifuri.

Mwisho wa meza husimama Balbina, mama wa watano,
hajawahi kutia neno. Nikamfuata kwenye makabati.
"Mimi?" Akavua buti. "Wa tatu alizaliwa
kahawa ikiwa jikoni. Haikuungua.
Sasa hiyo nayo ni hadithi?"

Ijumaa Dosinda akaanza tena: Breixo, sindano, gunia.
Sijui nini kilinisukuma. Nikamkata:
"Bado kunauma?"

Mikono yake ikasimama.
Sijawahi kuiona imesimama.
Ukanda ukapita na kome watatu, wanne,
hawajaguswa.
"Mvua ikitaka kunyesha," akasema,
na hapa Galisia mvua haiachi kutaka.
Kisha, kwa sauti ambayo redio haina:
"Miaka thelathini na mmoja.
Wewe ndiye wa kwanza kuuliza."

Hermitas akajifanya anatafuta kisu.

Kumbe hakuwa akinitisha.
Alikuwa akibisha mlango, yule yule,
na kila tumbo jipya likipita
alidhani huenda humo kuna mtu.

Sikuacha kuogopa. Leo usiku vidole
vitarudi kwenye kibonde chao.
Ila zamu ilipokwisha alinifungia aproni kwa nyuma,
au tuseme alinifungulia, fundo lilikuwa limelowa,
akahangaika nalo, akatukana,
akaliuma kwa meno likaachia.
"Siku ukirudi," akasema, "nitakuuliza. Usijali.
Hata kama itakuwa ya kahawa tu."