Abiria wa Baba

Kwanza alikataa kupanda.
Nikatandika koti la Baba kwenye kiti cha mbele,
lile la ngozi ya kondoo, linalonuka dizeli na tumbaku,
ndipo akaruka, akajizungusha mara tatu,
akajikunja kama mkate uliofinyangwa vibaya.
Jina lake Tuerca, yaani nati.
Baba alimwokota gereji, chini ya lori, angali kitoto,
mweusi tii kwa grisi.
Walipomwogesha akatoka wa kijivu.

Tuliiacha Comodoro alfajiri, bahari mgongoni,
pampu za mafuta zikiinama na kuinuka
kama watu wasiomaliza kuomba radhi.
Dada yangu, kule Esquel, ana ua, ana watoto, ana nafasi.
Mimi nina chumba ghorofa ya sita
na mwenye nyumba asiyetaka hata kasuku.
Hesabu ilikuwa rahisi.
Nilimweleza mbwa hesabu hiyo mara mbili kabla ya Sarmiento.
Alitazama kioo cha pembeni.

Hakuna aliyeniambia kwamba mbwa hutapika kwenye kona.
Hakuna aliyeniambia kwamba upepo wa huku,
ukifungua mlango upande usiofaa,
huondoka nao, ukabaki na bawaba.
Nilijifunza njiani:
egesha gari uso kwa uso na upepo,
shika kamba kwanza, mlango baadaye,
maji kidogo kidogo, nyama usimpe,
na guanako, ngamia wale wadogo wasio na nundu,
wakianza kuruka uzio, pandisha kioo upesi,
maana mbwa wa kilo kumi na nane
husahau ghafla kwamba hana mabawa.

Mchana tulikula biskuti, nusu kwa nusu.
Yerba nilikunywa peke yangu,
nikijipitishia kibuyu mkono wa kulia, mkono wa kushoto.

Mimi na Baba hatukuwa watu wa maneno.
Alibeba sufu njia hii hii miaka thelathini;
akirudi alikula, akavua viatu, akalala.
Nilidhani barabara ndiyo iliyomnyang'anya sauti.

Kilomita chache baada ya Gobernador Costa
Tuerca aliamka kabla ya kitu chochote kuonekana.
Masikio wima.
Kisha mlio mwembamba,
kama birika linaloanza kufikiria kuchemka.
Akaweka mguu juu ya mkono wangu ulioshika gia.
Nikadhani ni haja. Nikapunguza mwendo.
Palikuwa na njia ya changarawe,
miti minne mirefu iliyoinamia mashariki,
na geti la waya ambalo alilipita kwa chini
kama mtu apitaye mlango wa kwao.

Mwanamke akatoka, aproni ina unga,
mvi zake zimesukwa mkia mmoja.
Aliita "Tuerca!" kabla hajaniona.
Kisha akaniona.
Akatazama gari nyuma yangu, upande wa dereva,
akaendelea kutazama,
kama angojaye mtu ashuke polepole
kwa sababu ya goti.

Goti lile nalijua.

"Lini?" akauliza.
"Februari. Tarehe tisa."
Akafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja,
vyote kumi, akarudia gumba.
Akasema anaitwa Hortensia Antilef.
Akasema kuna supu.

Mbwa alikuwa ameshafika kibarazani, anakunywa,
ulimi wake ukisikika ua mzima.
Bakuli la bati, la buluu, rangi imebanduka ukingoni.
Tulikuwa mwezi wa Mei.
Nilisimama na funguo mkononi
nikiyatazama maji yale:
safi, hayana vumbi hata chembe,
katika nchi ambayo upepo hutia vumbi hadi kwenye usingizi,
yamejazwa mpaka juu.

Nikampigia dada simu.
Nikamwambia chakula cha usiku wasitungoje.