Mstari wa Nne

Mlango wa choo, tena.
Miguu ya Shamte imegoma kizingitini,
kiwiliwili kimeshatangulia.
Namshika mkanda. Simvuti:
daktari wa Muhimbili alinikanya,
ukimvuta mtaanguka wote.

Huyu ndiye aliyechora chokaa
uwanja wa Tandika kila Jumamosi,
kamba, ndoo, mstari usiopinda,
wachezaji wakaufuta kwa njumu
kabla ya adhana ya alasiri.

Hadia katoka chumbani na tepu nyekundu,
anabandika vipande sakafuni
kuanzia vidoleni pake.
"Babu, ruka mfereji."

Anaangalia chini.
Anainua goti, anavuka. Anavuka.
Penye mstari wa nne anasimama.
Moyo wangu paa!
Kumbe anaupima kwa jicho.
"Huu umepinda," anasema,
na mkono unaotetemeka
unadai kamba.