Usiku wa Nahodha

Lwitiko alipiga simu Jumapili, ndiyo kwanza tumetoka kanisani.
Mama, akasema, mwaka huu kampuni inaturuhusu sisi wapishi
kupandisha wazazi melini, siku saba, bure,
chumba chenye dirisha la mviringo.
Halafu akaanza kunitajia nguo
nami nikaandika nyuma ya risiti ya mbolea
kwa kalamu inayogoma kwa baridi:

magauni mepesi, matatu.
Viatu vya mpira, visivyoteleza.
Kofia pana, yenye kamba, upepo wa huko ni mwizi.
Nguo ya kuogelea.
Na moja ya heshima, ya usiku wa nahodha;
siku hiyo hata watoto wanafungwa tai.

Hapa Bulongwa, Julai,
unaamka umande umeganda mweupe juu ya majani ya viazi
na ndoo ina kifuniko cha barafu usichokiweka wewe.
Gauni jepesi ni maneno ya watu wa Kyela.
Mimi nina masweta manne.
Matatu nimeyavaa, la nne liko kambani tangu Jumatano,
limekakamaa kama samaki wa kukausha.

Nguo ya kuogelea niliipata mnadani, Tandala,
chini kabisa ya rundo la sidiria.
Muuzaji akaikunjua mbele za watu:
Ya binti, mama?
Ya binti, nikasema.

Usiku, komeo mlangoni, jiko la mkaa miguuni,
nikaijaribu juu ya suruali ya sufu na sweta la kijani.
Ambwene akatafuta miwani.
Akaniangalia kwa jicho lile analopimia mbao,
akasema, Mke wangu,
nimeona magunia mengi ya viazi,
sijaona lililofungwa vizuri namna hii.
Tulicheka mpaka Mama Sekela akaita kutoka kwake
kuuliza kama tumepatwa na jambo.

Yeye hana shida. Suti ni ileile
ya ndoa, ya ubatizo wa watoto watatu, ya kumzika kaka yake,
inanuka naftalini na moshi wa miwati.
Kifungo cha tumboni kilidondoka mwaka ule pareto iliposhuka bei.
Atashika mkono pale, anasema,
watu wadhani anawaza.

Lakini ya heshima.

Nikafungua sanduku la bati.
Chini, chini ya mashuka ya wageni,
kuna doti moja ya kitenge, zambarau na dhahabu,
nilichokinunua kwa pesa ya ngano
nikamwonyesha dada yangu kilipo
na kumwambia ni cha nini.
Karibu kila mwanamke wa rika langu ana chake.
Hatukitaji. Tunasema tu, nguo ya safari.

Nilikaa nacho magotini
mpaka uji ukaungua.

Fundi Ngajilo alikitambua kabla sijakikunjua;
naye alishawahi kufungua sanduku la mamaye.
Akavuta utepe shingoni, akaurudisha shingoni.
Una uhakika?
Kata, nikasema.
Mshono gani?
Wowote. Ila uwe na mfuko.

Akaniangalia.
Mfuko, nikasema, wa ndani, mkubwa,
uingie leso, ufunguo wa chumba,
na mkate mmoja wa Lwitiko, mzima,
nitakaomletea Mama Sekela.

Mkasi ukaanza kula kitambaa.
Nje, watu wa mbao walikuwa wanaota moto wa maranda,
mikono kwapani.

Mikono mirefu au mifupi?
Mirefu. Lwitiko anasema ukumbini mwao
kuna mashine ya kutengeneza baridi.

Ngajilo akasimamisha mkasi.
Wanaitengeneza? Makusudi?
Makusudi, nikamwambia.
Na watu wanalipia.