Upungufu wa Tisa

Kazi yangu ni kuhesabu.
Sahani ya buluu, kijiko bapa cha plastiki,
tano, kumi, kumi na tano,
vidonge vinasogea kama mahindi ya mbegu
na mchakacho wake nausikia hata usingizini.

Alhamisi ni siku ya watoto.
Benchi hujaa kabla umande haujakauka kwenye miwa,
Muhoroni nzima inanuka molasi,
na Dani Selfa amewahi, kama kawaida yake:
kopo ndani ya leso, leso ndani ya kikapu,
juu ya kikapu sukuma wiki,
ili wa njiani wasome mboga.

Hajui kusoma, Dani, lakini saa haimpotei.
King'ora cha zamu ya usiku kikilia
Onditi ameshashika kikombe.
Msimu ule kiwanda kilipofungwa, king'ora kikanyamaza,
alimlipa kinyozi wa jirani mayai mawili kwa wiki
agonge ukuta ifikapo saa mbili.
Miaka sita sijamkuta na upungufu.

Leo nimehesabu mara tatu.
Tisa havimo.

Nikamtazama bibi. Naye akatazama mikono yake
kama fundi anayetafuta alipokosea kushona.
"Panya," akasema.
Kisha: "Hapana. Sitamsingizia panya."

Ndipo Onditi, miaka kumi na mmoja,
soksi moja juu, moja chini,
akasimama kama anayejibu swali darasani:
"Nilimpa Apondi. Zake ziliisha.
Baba yake alichoma kadi, mama yake anaogopa kuja.
Hazikumzidi, tulipima kwanza
kwenye mizani ya Mzee Okumu wa vyuma chakavu:
mimi kilo ishirini na sita,
yeye ishirini na sita kasorobo.
Siku tisa. Na yangu sikuruka."

Apondi.
Jina lile tulilipigia simu mara mbili,
simu haikupatikana,
tukaandika kwa wino mwekundu: *amepotea*.
Amepotea, na Onditi anakaa naye dawati moja.

Nilijua la kusema, limebandikwa ukutani:
dawa ya mtu ni ya mtu.
Nikalisema.
Lilinikwama kooni kama kidonge bila maji.

Jioni nikavua koti jeupe,
nikapita kichochoro cha miwa hadi nyumba za laini,
nikabisha kuomba chumvi.
Chumvi kwangu ipo tele.
Mama Apondi alinimiminia kwenye kipande cha gazeti
bila kuuliza nyumba yangu ni ipi.
Kesho yake nikairudisha.
Siku ya tatu akanikaribisha chai,
na saa mbili ilipogonga nikatoa kidonge changu,
changu mimi, cha miaka kumi na minne,
nikakimeza kwa chai yake, bila hotuba.
Aliangalia kikombe muda mrefu.
Akaongeza sukari, ingawa nilikuwa nimemaliza.

Hakuna aliyelitaja jina la kitu.

Alhamisi hii wamekuja.
Mama ameketi ukingoni mwa benchi,
leso imeshuka hadi kwenye nyusi,
tayari kuinuka akiitwa na yeyote asiyemjua.
Baba yuko Mumias anakata miwa hadi mwisho wa mwezi.
Akirudi, sijui. Simjui.
Dani Selfa amejisogeza karibu naye,
amemuwekea yai la kuchemsha mkononi
kana kwamba waliagana jana.
Watoto wanabishana nani mzito.

Kumi. Kumi na tano. Ishirini.

Daftari lina safu ya mwisho: *Sababu ya upungufu*.
Upana wake ni kidole kimoja.
Wakaguzi wanakuja Septemba,
na ya Onditi bado sijaijaza.

Nimefikiria kuandika: panya.