Shilingi Niliyoishika

Ukurasa wa mia mbili na kumi na saba,
kitabu cha nne, miradi ya maendeleo:
nimeupitishia kidole taratibu
nikitafuta Nyamuganza.
Haimo. Mchapaji ameiruka
kama mtu anavyoruka dimbwi, viatu visichafuke.

Saa tano usiku, Dodoma, chumba cha kupanga.
Chai imepoa hadi imevaa ngozi.
Mezani pana karatasi ya daftari,
mwandiko wa Fundi Ruhwanya:
"Mheshimiwa, boma la zahanati limefika kwenye linta.
Tofali tumefyatua wenyewe.
Mchanga ni wa Malagarasi, tumeubeba vichwani.
Imebaki paa. Mvua ya pili hii
inanyea ndani, kwenye chumba cha kujifungulia."

Kesho yake nikasimama.
Nilipewa dakika tano. Moja na nusu
niliitumia kumpongeza Waziri, na naibu wake, na wataalamu wake,
maana humu ndivyo tunavyobisha hodi.
Kisha nikasema: Mheshimiwa Mwenyekiti,
kwetu kuna mtoto anaitwa Butoyi.
Ukimsikia Butoyi, huko kwetu, lazima uulize
Bukuru yuko wapi.
Bukuru alitangulia, kama jina lake linavyotaka.
Alizaliwa kando ya baiskeli,
kilomita thelathini na moja kabla ya Nguruka,
na pale pale

kengele ikalia.

Jioni, kwenye Kamati ya Matumizi,
nikatamka kwamba nashika shilingi
ya mshahara wa Waziri, na bila maelezo siiachii.
Wenzangu wakapiga meza.
Kwa dakika tisa nilikuwa tajiri.
Waziri akanyanyuka, laini kama mawese ya moto,
akasema Serikali ni sikivu,
akasema mchakato,
akasema kadiri fedha zitakavyopatikana,
akaniomba, kaka yangu, nimrudishie.

Nikamrudishia.
Wanaoafiki waseme ndiyo.
Ndiyo yangu ilikuwemo ndani ya ile kubwa;
sikuisikia, lakini ilikuwemo.

Nikashuka Nguruka na treni ya alfajiri,
pikipiki hadi Nyamuganza, vumbi hadi kwenye kope.
Mwakeye, mwakeye. Mikono mingi.
Boma limesimama, madirisha wazi,
kona moja tu imeezekwa, bati kumi na mbili za mchango,
chini yake mbuzi wawili wamejikinga jua.

Mama Butoyi alikuwa amenisikia redioni.
"Mwanangu, ile shilingi uliyoishika,
tuonyeshe."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Nikaeleza: si ya kushikwa kwa mkono, mama,
ni kanuni, ni namna ya kusema.
"Sawa," akajibu, akimpangusa mtoto makamasi.
"Na bati nazo ni namna ya kusema?"

Hakuna kanuni niliyoikumbuka.

Fundi Ruhwanya akateremka ukutani,
akapekua mfuko wa suruali,
misumari, vizibo vya soda, kipande cha penseli,
akatoa sarafu kuukuu, shilingi moja,
imetobolewa katikati.
"Hizi tunaziweka chini ya kichwa cha msumari
ili bati lisivuje. Kizibo kinaoza. Hii haiozi.
Chukua. Siku ukiambiwa tena ushike,
uwe na kitu mkononi."

Jumatatu, kwenye lango la Bunge,
mashine ya ukaguzi ikapiga kelele.
Askari, kijana mwenye adabu zake, akainua kiganja:
Samahani, Mheshimiwa. Mfukoni kuna nini?

Paa, nikamwambia.
Akanitazama, akasubiri nicheke.
Nyuma yangu foleni ilikuwa inarefuka.